Ruhusa ya Mola si Aibu: Mawaidha kuhusu Maradhi ya Utumbo Mpana

Maandishi ya mhadhara uliotolewa London baada ya sala ya Alasiri, Ramadhani 1446 (Machi 2025)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake na masahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema hadi siku ya Kiyama. Ama baad.

Mashehe wetu, wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu. Mmezoea kusikia katika majlisi hii fadhila za saumu, adabu za kusoma Qur'ani na hesabu za zaka. Leo wasimamizi wa jumuiya wametupa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, au hawalisemi kabisa. Nalo ni maradhi ya vidonda vya utumbo mpana, yaitwayo na madaktari kolaitisi ya vidonda. Tunasema kwa niaba ya wachache miongoni mwenu walio nayo, na sisi tunaosema tumo katika hao. Ikiwa yatatajwa mambo ya faragha, mtuwie radhi. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, nasi twataka kufuata mwendo huo.

Tuanze na kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe, akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba, na alipoamka akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, kwa kuwa maji yapo. Maskini akaoga, na jeraha lile likawa sababu ya kifo chake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akawabebesha wale waliomjibu dhamana ya mauti ya mwenzao, na akabainisha kuwa ujinga una dawa yake, nayo ni kuuliza. Wale watu hawakuwa waovu. Walitaka ibada ikamilike, lakini walimnyima mgonjwa ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Kisa hiki kilikaribia kuwa chetu. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia mwezi wa Juni, na saumu hapa London ilikuwa ya takriban saa 18. Mmoja wetu, kijana wa miaka 23, alikuwa na maradhi haya kwa mwaka wa pili, wala hakuna aliyejua nyumbani. Aliacha vidonge vyake kwa kuwa usiku ulikuwa mfupi, akaficha damu aliyoiona, akafunga siku 16. Siku ya 17 alianguka msalani. Sala ya Idi ilimpita akiwa kitandani hospitalini, na mama yake alilisikia jina la maradhi ya mwanawe kwa mara ya kwanza kinywani mwa daktari wa zamu. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kuwa aliona haya kuonekana anakula mchana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu, alhamdulillahi, aliumbuliwa na hospitali tu.

Basi maradhi haya ni nini? Kwanza tuyatenge na yale yanayofanana nayo kwa jina au kwa dalili, kwani hapo ndipo wengi wetu hupoteza miaka. Haya si vidonda vya tumbo, vile vinavyochoma chini ya kifua na ambavyo kila jirani anayo dawa yake ya maziwa au ya kabichi. Si bawasiri, ingawa zote mbili hutoa damu. Si kuhara damu kwa amiba au vijidudu vingine, kunakoponeshwa kwa dozi ya siku chache. Katika kolaitisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maadui, huushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Huanzia mwishoni kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, kisha huweza kupanda juu. Utando huvimba, hupata vidonda, na hutoa damu na makamasi. Mgonjwa hukimbilia msalani mara nyingi mchana na usiku, tumbo likimsokota, na uchovu wake hauondoki kwa kulala. Wengine huumwa viungo au macho. Maradhi hayaambukizi kwa chombo wala kwa kikombe. Huja kwa mawimbi: miezi ya utulivu, kisha mlipuko. Mara nyingi huanza ujanani, na ndiyo maana tumewaomba vijana wasiondoke.

Sababu yake haijulikani yote. Ipo sehemu ya urithi, ipo sehemu ya mazingira, na vijidudu wanaoishi tumboni wana nafasi yao. Lakini binadamu hapendi kukaa na jambo lisilo na sababu, na pasipo sababu hutafuta mtu wa kumlaumu. Kwetu pwani mtu akikonda na kutoka damu, haukosi ulimi utakaosema amehusudiwa au amelishwa kitu. Msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 1859, katika viunga vya London hii hii, mwanamke aitwaye Isabella Bankes alifariki baada ya wiki kadhaa za kuharisha na kutapika. Daktari Thomas Smethurst, aliyekuwa akiishi naye kama mume, alishitakiwa kwamba amemlisha sumu, na mahakama ya Old Bailey ikamhukumu kunyongwa. Samuel Wilks wa hospitali ya Guy's aliuchunguza utumbo wa marehemu, akaeleza vidonda na uvimbe alivyoviona. Smethurst akasamehewa shitaka la mauaji, ingawa alifungwa kwa kuoa mke wa pili kinyume cha sheria ya nchi. Barua aliyoiandika Wilks mwaka huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kuyatenga maradhi haya na mengine. Wataalamu wa baadaye wameona huenda mama yule alikuwa na ndugu yake kolaitisi, ugonjwa wa Crohn. Hata hivyo funzo ni lile lile: palipokosekana elimu, tuhuma ilikaa mahali pake, na mtu alikaribia kunyongwa.

Wala msidhani ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1966 madaktari wa Kampala walichapisha habari za Waafrika wanne waliokuwa nayo, wakati ambapo wengi waliamini Mwafrika hayapati. Hapa Uingereza, watafiti wa Leicester walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba watu wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa wakiishi mji ule waliyapata kuliko hata wenyeji, na katika jamii ile zimo familia nyingi zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Leo katika nchi hii watu zaidi ya 500,000 wanaishi na kolaitisi au Crohn, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 123. Hesabuni safu za msikiti siku ya Ijumaa, mtajua kwamba tumo.

Sasa tuje kwenye saumu. Mwenyezi Mungu, katika aya za Suratul Baqara zilizofaradhisha Ramadhani, 184 na 185, alimtaja mgonjwa na msafiri palepale alipotaja wajibu, na akatubainishia kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Ruhusa haikuja baadaye kama kiraka. Imeshonwa pamoja na amri. Na wanazuoni wamesema kuwa anayejua kwamba kufunga kutamwangamiza, kufunga kwake ni kosa, si ucha Mungu.

Kwa hiyo wagonjwa wetu wako katika hali tatu. Wa kwanza ni yule aliyetulia, hana damu, na dawa yake ni ya kumeza mara moja kwa siku. Huyu aonane na daktari wake au muuguzi wa maradhi haya mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani. Wengi wa namna hii huweza kufunga, wakinywa dawa wakati wa futari au daku na kunywa maji ya kutosha usiku. Wa pili ni yule aliye katika mlipuko, au anayetumia steroidi. Huyu ale, anywe, ajitibu, kisha alipe siku zake atakapopata nafuu. Saumu ya Desemba hapa London ni kama saa 10, na Mola aliyemruhusu ndiye aliyeumba siku fupi. Wa tatu ni yule ambaye madaktari waaminifu wamemwambia kuwa hataweza tena. Huyu hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na ibada yake imetimia. Kila mmoja amuulize shehe na daktari pamoja, kwa kuwa shehe hajui hali ya utumbo na daktari hajui hukumu ya kadhaa.

Liko jambo moja linalowatatiza wengi kimyakimya. Baadhi ya dawa zetu huingizwa kwa njia ya nyuma, ama za kuchomeka ama za maji au povu. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo kitu kinachoingia kwa njia hiyo hubatilisha saumu. Wapo waliosikia hivyo wakaacha dawa mwezi mzima. Hapana haja. Aghalabu dawa hizi hutumiwa wakati wa kulala, basi zitumiwe usiku baada ya tarawehe. Na steroidi zisikatwe ghafla kwa hali yoyote, kwani mwili uliokwisha kuzizoea huweza kuzimia.

Kuhusu udhu, ambaye maradhi hayampi nafasi ya kuuhifadhi, au anayevaa mfuko tumboni baada ya upasuaji, ni mwenye udhuru wa kudumu. Ajisafishe, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, kisha asali bila kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala yake. Tumewaona watu walioacha msikiti miaka kadhaa kwa kutojua hukumu hii.

Ikiwa mtu anakwenda haja yenye damu mara sita au zaidi kwa siku, naye ana homa, au moyo unakwenda mbio, hiyo ni dharura. Asingoje magharibi, asingoje Idi. Aende hospitali saa ile ile.

Ndugu zetu, mwaweza kuuliza: je, maradhi haya yana dawa? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na tiba, aijuaye akaijua na asiyeijua asiijue. Maana yake kwetu ni kwamba tiba iliyofichika si tiba isiyokuwapo, na kuitafuta ni wajibu wa wanadamu. Tazameni jinsi mlango ulivyofunguka hatua kwa hatua. Kuelekea miaka ya 1940, Nanna Svartz, tabibu wa Sweden, alisaidia kuunda dawa ya sulfasalazini akiwa na nia ya kutibu maumivu ya viungo, ikaonekana inawafaa watu wa kolaitisi. Vidonge vya mesalazini ambavyo wengi wetu tunameza leo ni kizazi cha dawa ile. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 210, wakathibitisha kuwa kotizoni huutuliza mlipuko ambao zamani uliua wengi. Mwaka 1978, hapa London, Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's walieleza upasuaji wa kuondoa utumbo mpana wote na kushona mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba, ili mgonjwa aende haja kwa njia yake ya asili bila kuvaa mfuko nje.

Katika karne hii zimekuja dawa za kibayolojia, zinazodungwa au kutiwa kwa mshipa, kama infliksimabu na vedolizumabu, na baada yake vidonge vipya vinavyozuia ishara za uvimbe ndani ya chembe. Zimewarudisha wengi kazini na katika ndoa. Lakini tuseme kweli: haziponyi kabisa. Kwa baadhi ya watu hazifanyi kazi tangu mwanzo, kwa wengine hufanya kazi mwaka mmoja au miwili kisha zikachoka. Kadiri kinga inavyopunguzwa, ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka. Na wanaokwenda likizo nyumbani wajue kuwa chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, nayo haiwafai wanaotumia dawa za kupunguza kinga. Anayetaka kupita Kenya kisha kuingia Zanzibar amwone daktari mapema, ajue kama safari inamfaa na kama anahitaji barua ya kumsamehe chanjo.

Tumaini kubwa la karibuni limetoka umbali wa safari fupi ya treni kutoka hapa tulipokaa. Juni 2024, watafiti wa Taasisi ya Francis Crick, jirani na kituo cha St Pancras, pamoja na wenzao, walitangaza kuwa wamegundua jinsi kipande cha urithi ambacho hakina jeni yoyote ndani yake kinavyoichochea jeni iitwayo ETS2. Jeni hiyo huziwasha chembe za kinga ziitwazo makrofeji zikaleta uvimbe. Ni kama waliokuwa wakizima moto chumba baada ya chumba, leo wameiona swichi. Katika maabara, aina ya dawa ambayo tayari hutumiwa kwa maradhi mengine iliutuliza uvimbe huo, hata katika vipande vya utumbo vya wagonjwa. Bado dawa hizo zaweza kudhuru viungo vingine, na kazi iliyobaki ni kuzifikisha kwenye chembe zinazohusika tu. Hatusemi dawa imepatikana. Tunasema mlango umeonekana.

Na hapa tuna deni. Tafiti za urithi zimefanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ikiwa sisi hatumo, dawa zitakazokuja zitakuwa zimepimwa kwa miili isiyokuwa yetu. Upo mradi wa kitaifa, IBD BioResource, ulioanza 2016, ambao wagonjwa hujiunga kwa hiari kupitia hospitali zao, wakatoa damu na kuruhusu habari zao zitumiwe kwa utafiti, majina yakifichwa. Tunafahamu woga wa wazee wetu kutoa damu kwa watu wasiowajua, na historia haiwalaumu. Lakini kijana aliyesoma fomu akaielewa, akatoa kwa nia ya kumfaa asiyemjua, tunatarajia kwa Mola kuwa hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Pia tuwakumbuke waliobaki nyumbani. Sisi tunalalamika kungoja miezi kwa kipimo cha kamera ya utumbo. Kule, kipimo hicho kiko katika hospitali kubwa za mijini, na dawa za kibayolojia gharama yake haiwezekani kwa familia ya kawaida. Akikupigia simu jamaa yako wa Lamu au Pemba kwamba anahara damu mwezi wa pili, usimtumie dawa zako kwa mkono wa msafiri. Mchangie nauli na ada ya kipimo, ajue kwanza anaugua nini.

Tunamalizia kwa maombi machache kwa jumuiya yetu. Mtu akila mchana wa Ramadhani, msimuulize mbona hafungi. Akisali karibu na mlango, au akiondoka safuni kwa haraka, mmpishe. Akikataa bajia na pilipili, msiseme anaringa, kwani kila mgonjwa anajua kinachomdhuru. Mkimletea asali na habasoda, mleteni kwa mapenzi, lakini msimwambie aache dawa za daktari. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mola, na dawa ndiyo kamba yetu. Hata anayejiona mzima aendelee na vidonge, kwani wengi wetu tulirudi hospitalini kwa kuviacha siku tulizojiona tumepona. Na miaka kama 8 baada ya dalili kuanza, aitikie wito wa kupimwa utumbo, kwa sababu maradhi haya ya muda mrefu huongeza hatari ya saratani, na saratani ikionwa mapema hutibika.

Kwa mgonjwa aliyekaa nyuma akidhani yuko peke yake, tunamwambia hivi. Nabii Ayubu, amani imshukie, aliugua muda mrefu, akamlalamikia Mola wake, na Mola akamwita mwenye subira. Kumbe kusema unaumwa hakuvunji subira. Mwambie mama yako leo, kabla ya futari. Yule kijana wa 2016 yupo kati yetu hivi leo, ameoa, ana watoto wawili. Ramadhani nyingine hufunga, nyingine hula na kulipa. Mwaka huu anakula, naye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno haya.

Ewe Mola wetu, Mponyaji usiye na mshirika, waponye wagonjwa wetu, wa hapa na wa nyumbani. Zikubali saumu za waliofunga na udhuru wa walioshindwa. Wafungulie watafiti kheri waliyoikusudia, na utujaalie tuwe faraja kwa wenzetu, wala tusiwe miongoni mwa wale waliomnyima mgonjwa ruhusa yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.